Sayyid Barghash bin Said: Safari ya Bandari za Kaskazini na Yale Aliyorudi Nayo

 

 Katika kurasa hizi za historia ya Waislamu wa Afrika Mashariki, mara hii tumemchagua Sayyid Barghash bin Said, aliyekuwa Sultani wa Zanzibar kuanzia mwaka 1870 hadi mwaka 1888. Tutaeleza maisha yake kwa ufupi, na zaidi tutaeleza safari yake ya mwaka 1875 (sawa na 1292 Hijria), alipotoka katika kisiwa chake akaenda mpaka Uingereza, akaiona miji ya bandari ya kaskazini, kisha akarudi kwao.

Huenda mwanafunzi akauliza: sisi tuliopo Dodoma, kilomita 450 hivi kwa barabara kutoka Dar es Salaam, bahari inatuhusu nini? Jibu lake ni kwamba nchi hii yetu ya katikati ilikuwa njia kuu ya misafara. Wapagazi waliotoka Bagamoyo walipita Mpwapwa, wakavuka mbuga kavu ya Marenga Makali, wakaingia Ugogo, kisha wakaelekea Tabora na Ujiji. Huku Ugogo maji yalikuwa machache, na visima vilikuwa na wenyewe. Kila mtemi alitoza hongo kabla ya kuruhusu msafara unywe maji na kupita, na hongo ile ililipwa zaidi kwa vitambaa, shanga na nyaya za shaba. Pembe za ndovu zilizopita hapa zilifika Zanzibar, na kutoka Zanzibar zilipakiwa melini mpaka London, Hamburg na Marekani. Kwa hiyo babu zetu wa Ugogo hawakuiona London, lakini nguo iliyofumwa katika nchi za mbali waliivaa, na pembe zilizotoka katika mbuga zao zilifanywa vishikio vya visu na funguo za piano katika nyumba za watu wasiowajua.

KUZALIWA NA UJANA WAKE

Sayyid Barghash alizaliwa Zanzibar kiasi cha mwaka 1837. Baba yake ni Sayyid Said bin Sultan, mtawala wa Oman na Zanzibar, yule aliyehamishia makao yake Unguja na kuhimiza kilimo cha karafuu. Mama yake alikuwa suria wa Kihabeshi. Sayyid Said aliacha watoto wengi, na ndugu hao wa baba mmoja na mama mbalimbali ndio tutakaowaona wakigombana katika habari hii.

Mwezi Oktoba 1856 Sayyid Said alifariki baharini akiwa safarini kutoka Oman kuja Zanzibar. Barghash alikuwamo katika safari hiyo, naye alikuwa bado kijana wa miaka kiasi cha kumi na tisa. Alipofika Unguja alitamani kushika madaraka, lakini utawala wa Zanzibar ulichukuliwa na kaka yake Sayyid Majid.

Mwaka 1859 Barghash alifanya njama ya kumpindua Majid. Baadhi ya dada zake walimuunga mkono. Mmoja wao alikuwa Bi. Salme, binti mdogo wa miaka kiasi cha kumi na mitano, ambaye kwa kuwa alijua kuandika, jambo lisilo la kawaida kwa wanawake wa zama zile, alifanywa mwandishi wa barua za siri za njama hiyo. Wafuasi wa Barghash walijikusanya katika shamba lililoitwa Marseille. Majid akaomba msaada wa Waingereza, na askari wa majini wa Kiingereza wakashiriki katika kuuzima uasi ule. Barghash alijisalimisha, akapelekwa uhamishoni Bombay, India, ambako alikaa kiasi cha miaka miwili.

Tunaomba wasomaji wetu walishike jambo hili vizuri. Barghash alikuwa kijana alipoonja nguvu ya mizinga ya Waingereza kwa mara ya kwanza, na aliionja kwa sababu ndugu wawili hawakupatana juu ya urithi wa baba yao.

KUSHIKA MADARAKA NA MISUKOSUKO

Sayyid Majid alifariki mwezi Oktoba 1870, na Barghash akawa Sultani. Hakupata wakati wa kupumua. Kisiwa kilikuwa kimetoka kwenye kipindupindu cha mwaka 1869 na 1870 kilichoua maelfu ya watu. Mwezi Aprili 1872 kikaja kimbunga kikali kilichozamisha majahazi na meli bandarini na kung'oa mikarafuu mingi ya Unguja, hata mapato ya nchi yakaanguka.

Katika hali hiyo ya udhaifu, mwaka 1873 serikali ya Uingereza ilimtuma Sir Bartle Frere kumtaka Sultani apige marufuku biashara ya watumwa. Barghash alikataa. Alijua kwamba matajiri wa kisiwani, mashamba ya karafuu na hazina yake mwenyewe vyote viliegemea biashara ile. Waingereza wakamjulisha kupitia balozi wao, John Kirk, kwamba asipotia sahihi manowari zitakizingira kisiwa chake. Tarehe 5 Juni 1873 alitia sahihi, na soko la watumwa la Zanzibar likafungwa.

Hapa inatupasa tuseme ukweli, kwani dini yetu inatuamrisha kusimamia haki hata kama ni dhidi ya nafsi zetu. Biashara ile ilikuwa dhulma. Watu walitekwa katika vijiji vya bara, wakatenganishwa na wazee wao na watoto wao, wakaswagwa katika njia ndefu wakiwa wamefungwa, na wengi walikufa kabla ya kuiona pwani. Waliofanya hivyo wamo waliojiita Waislamu, na Uislamu uliohimiza kuwaacha huru watumwa haukuwapa ruhusa ya kuwateka watu huru na kuwauza. Ni kweli kwamba Waingereza walikuwa na maslahi yao. Ni kweli pia kwamba wao wenyewe walikuwa wamefanya biashara hiyo kwa zaidi ya karne moja, mpaka walipoipiga marufuku mwaka 1807. Lakini dhambi ya jirani haiwi udhuru wa dhambi ya mwenye nyumba.

MWALIKO NA SAFARI

Baada ya mkataba ule, serikali ya Uingereza ilimwalika Sultani aitembelee nchi yao. Mwezi Mei 1875 Barghash alipanda meli pamoja na watu wa baraza lake na waandishi wake, akiongozana na John Kirk, yuleyule aliyemletea habari ya manowari miaka miwili kabla.

Zamani safari ya Ulaya kutoka kwetu ilikuwa ya miezi mingi, kwa kuzunguka ncha ya kusini ya Afrika. Wajumbe wa Sayyid Said walikuwa wamekwisha kufika London kabla yake. Ali bin Nasser alikwenda huko mwaka 1838 na tena mwaka 1842. Lakini mwaka 1869 Mfereji wa Suez ulifunguliwa, na mwaka 1872 meli za moshi za Kiingereza zilianza kuleta barua Zanzibar kila mwezi. Kwa hiyo Barghash alipita Bahari ya Sham, akavuka mfereji ule mpya, akaingia Bahari ya Kati, akatua Lisbon katika Ureno, kisha akapanda kaskazini mpaka Uingereza. Aliwasili London mwezi Juni.

Wanafunzi wetu wa jiografia watafurahi kufikiri juu ya jambo hili. Kwetu Dodoma mchana na usiku hukaribia kulingana mwaka mzima. London mwezi wa Juni mchana hufikia zaidi ya saa kumi na sita na nusu. Jua huchomoza alfajiri mno na kuzama usiku umeshakaribia. Mtu aliyezoea kuhesabu nyakati zake za sala kwa jua la Zanzibar, akifika huko hukuta muda kati ya Ishaa na Alfajiri umekuwa mfupi sana. Ndugu zetu wanaoishi leo katika miji ya kaskazini wanaijua mitihani hiyo, hasa mwezi wa Ramadhani unapoangukia kiangazi chao.

ALIYOYAONA

London ya wakati huo ilikuwa mji mkubwa kuliko yote duniani, na bandari yake ilikuwa kando ya mto Thames. Huko ndiko zilikoshushwa pembe za ndovu, karafuu na sandarusi zilizotoka Zanzibar, zikawekwa katika maghala na kuuzwa kwa mnada. Mwezi huo huo wa Juni alipokewa na Malkia Victoria katika kasri la Windsor, akakutana pia na mrithi wa kiti cha ufalme. Magazeti yaliandika habari zake, na watu walijipanga barabarani kumtazama.

Alipelekwa kuona mengine nje ya London. Alifika Brighton, mji wa pwani ya kusini ambako Waingereza huenda kupunga upepo wa bahari, na ambako mfalme wao mmoja wa zamani alijenga kasri lenye makuba yanayofanana na ya India. Alifika Birmingham, mji wa viwanda vya chuma na shaba. Alifika Manchester, mji wa viwanda vya nguo za pamba. Na alifika Liverpool, bandari kubwa ya kaskazini magharibi iliyo kwenye mdomo wa mto Mersey.

Tuitazame Liverpool kidogo, maana ina mazingatio. Gati zake zilijengwa kwa kuta za mawe na kufungwa kwa milango mikubwa, ili maji yabaki ndani hata bahari ikipwa, na meli zisikae juu ya matope. Zanzibar ya wakati ule haikuwa na gati kubwa ya namna hiyo. Meli zilitia nanga mbali na ufuo na mizigo ikashushwa kwa mashua. Marobota ya pamba yaliyoshushwa Liverpool yalikwenda kwa treni mpaka Manchester, yakafumwa, kisha nguo zikarudi kupakiwa Liverpool kwenda pande zote za dunia. Lakini bandari hiyohiyo, katika karne ya kumi na nane, ndiyo iliyokuwa ya kwanza katika Uingereza kwa kupeleka meli za kubeba watumwa kutoka Afrika Magharibi kwenda Amerika. Sultani aliyelazimishwa kufunga soko lake la watumwa alikaribishwa kwa heshima katika mji ambao sehemu ya utajiri wake ilitokana na biashara ile ile.

Mwezi Julai aliondoka Uingereza, akapita Paris na Marseille katika Ufaransa, kisha Misri, iliyokuwa chini ya Khedive Ismail, ndipo akarejea nyumbani. Mwandishi wake, Zahir bin Said, aliandika habari za safari hiyo kwa Kiarabu, na miaka michache baadaye zilichapishwa kitabu. Jambo hili nalo ni la kuigwa: wenzetu wa zamani walipokwenda nchi ngeni waliandika waliyoyaona, ili waliobaki nyumbani wapate kusoma.

DADA ALIYESUBIRI LONDON

Kuna mtu mmoja aliyetamani sana kukutana na Barghash katika safari ile, naye hakupata. Huyo ni Bi. Salme, yule binti aliyemwandikia barua zake mwaka 1859.

Baada ya uasi kushindwa, Salme alipatana na kaka yake Majid, na jambo hilo Barghash hakulisahau. Kisha Salme alijuana na mfanyabiashara Mjerumani, Rudolph Heinrich Ruete, aliyefanya kazi Zanzibar. Wafanyabiashara wa Hamburg walikuwa na maduka Unguja tangu miaka ya 1840, na mwaka 1859 Zanzibar ilifunga mkataba wa biashara na miji ya bandari ya Ujerumani ya kaskazini, yaani Hamburg, Bremen na Lübeck. Mwaka 1866 Salme alitoroka kwa manowari ya Kiingereza mpaka Aden. Mwaka uliofuata alibatizwa, akaolewa na Ruete, akaenda kuishi Hamburg kando ya mto Elbe. Mwaka 1870 mumewe alikufa kwa ajali ya tramu, akamwacha mjane na watoto watatu wadogo katika nchi ya baridi, asiyeijua vyema lugha yake.

Aliposikia kwamba kaka yake yuko London alitoka Ujerumani akaja huko, akitumaini kuonana naye na kusameheana. Wakubwa wa Kiingereza hawakutaka mazungumzo yao na Sultani yaharibike kwa jambo la nyumbani kwake. Sir Bartle Frere alimshawishi asijitokeze, akimpa matumaini ya msaada kwa ajili ya watoto wake. Salme alikubali, na msaada aliotarajia hakuupata. Ndugu wawili wa baba mmoja walikuwa katika mji mmoja wa ugenini, wakaachana bila ya kuonana.

Mwaka 1885 Salme alirudi Zanzibar, safari hii akiwa ndani ya meli za Wajerumani. Barghash alikataa kumwona. Baada ya kifo cha Barghash alijaribu tena mwaka 1888, akashindwa. Alifariki Ujerumani mwaka 1924, akazikwa Hamburg pamoja na kifuko cha mchanga aliouchukua Zanzibar.

Hapa wasomaji wetu watatofautiana, na sisi hatutaki kulipitisha jambo hili kimya kimya. Salme aliiacha dini ya baba zake, na hilo ni msiba mkubwa kwa familia ya Kiislamu, hukumu yake iko kwa Allah (S.W.). Tena alikuwa akidai urithi, na mara ya pili alikuja nyuma yake zikiwapo manowari za taifa lililotaka kumnyang'anya Sultani nchi yake. Barghash alikuwa na sababu za kuwa na tahadhari. Lakini tunakumbuka pia habari ya Bi. Asmaa binti Abubakar (R.A.), aliyejiwa na mama yake akiwa bado mshirikina. Alipomuuliza Mtume (S.A.W.) afanye nini, aliamrishwa amuunge mama yake. Kuunga udugu si kukubaliana na dini ya ndugu yako, wala si kumkabidhi funguo za nyumba. Ni salamu, ni kumjulia hali, ni kuwatazama watoto yatima. London mwaka 1875 hapakuwa na manowari yoyote nyuma ya Salme. Palikuwa na mjane na yatima watatu. Familia nyingi zetu wakati huu zina mtoto aliyekwenda mbali, au ndugu aliyepotea njia. Kila mzazi na apime mwenyewe mlango wake uko wazi kiasi gani.

ALIYORUDI NAYO

Wapo wanaotembelea miji ya watu wakarudi na nguo na picha. Barghash alirudi na mipango.

Kwanza ni maji. Visima vya mji wa Zanzibar vilikuwa na maji ya chumvichumvi na uchafu, na kipindupindu kilikuwa kimeuonyesha ubaya wake. Mapema miaka ya 1880 Sultani alijenga mfereji wa kuleta maji safi kutoka chemchemi zilizoko kaskazini ya mji, na watu waliyapata bure. Sisi wa Dodoma, tunaotegemea maji yanayovutwa kutoka visima virefu vya Mzakwe, na ambao mama zetu vijijini bado wanachimba mchangani kwenye makorongo wakati wa kiangazi, hatuhitaji kuelezwa uzito wa sadaka ya maji.

Pili ni kupiga chapa. Kiasi cha mwaka 1880 alianzisha kiwanda cha kupiga chapa vitabu vya Kiarabu. Kazi yake kubwa ilikuwa Qamus al-Sharia, kitabu cha fiqhi cha wanazuoni wa Kiibadhi wa Oman chenye majuzuu mengi sana, ambacho hapo kabla kilinakiliwa kwa mkono. Vitabu vilivyopigwa chapa Zanzibar vilisomwa mpaka Oman na Afrika ya Kaskazini.

Tatu ni meli na majengo. Alinunua meli za moshi ili Zanzibar isitegemee meli za wageni peke yake. Moja yao, iliyoitwa Glasgow, iliundwa Dumbarton katika Scotland, kwenye mto Clyde, ikashushwa majini mwaka 1878. Mwaka 1883 lilikamilika jengo la Beit al-Ajaib, refu kuliko yote mjini. Alijenga pia Marhubi, Chukwani na hamamu ya Hamamni. Mwaka 1879 waya wa simu uliopita chini ya bahari uliunganisha Zanzibar na Aden, na kwa hiyo na Ulaya.

Na kuhusu watumwa, mwezi Aprili 1876 alitoa matangazo mawili ya kuzuia watumwa wasiletwe kwa njia ya nchi kavu. Matangazo hayo yaligusa moja kwa moja njia za misafara za bara, pamoja na hii yetu. Hayakuumaliza utumwa kwa siku moja, lakini yaliifanya biashara ile iwe ya kujificha.

Hata hivyo tusimpambe kupita kiasi. Mashamba yake yaliendelea kulimwa na watumwa waliokuwapo, kwani utumwa wenyewe haukufutwa Unguja na Pemba mpaka mwaka 1897. Pia alikuwa mkali kwa wanazuoni waliopingana naye. Sheikh Ali bin Abdallah al-Mazrui wa Mombasa, mwanachuoni mkubwa wa madhehebu ya Shafi, alifungwa gerezani na Barghash kwa sababu ya misimamo yake ya kidini, akatolewa baada ya Sultani kufa. Mtawala aliyefungua mlango wa vitabu alimfungia mlango mwanachuoni. Yote mawili ni historia yake.

KASKAZINI ILIPOKUJA KWETU

Barghash aliamini kwamba urafiki wa Waingereza utamlinda. Mara ya kwanza ulimlinda kweli. Mwishoni mwa mwaka 1875, muda mfupi baada ya kurejea, meli za Misri zilikuja kuziteka Barawa na Kismayu, na ni Waingereza waliomshinikiza Khedive aziondoe.

Mara ya pili haikuwa hivyo. Mwishoni mwa mwaka 1884 Mjerumani Carl Peters alipita Usagara na nchi jirani akiwatia sahihi machifu katika karatasi wasizozielewa. Mwezi Februari 1885 serikali ya Ujerumani ikatangaza kuwa nchi zile ziko chini ya ulinzi wake. Barghash alipinga. Mwezi Agosti manowari za Kijerumani zikapanga mizinga mbele ya kasri lake. Aliwatazamia rafiki zake wa London, na rafiki zake wakamshauri akubali. Mwaka 1886 Uingereza na Ujerumani zilikaa zikagawana bara, na Sultani akaachiwa visiwa na ukanda wa pwani wa upana wa maili kumi tu. Ndipo nchi yetu ya Dodoma ilipoangukia upande wa Wajerumani, bila ya Mgogo yeyote kuulizwa.

Sayyid Barghash aliugua, akasafiri kwenda Oman kutafuta afya, na mwezi Machi 1888 akafariki Zanzibar mara tu baada ya kurejea. Alikuwa na umri wa miaka hamsini hivi. Alizikwa katika makaburi ya kifalme, Mji Mkongwe.

MAZINGATIO

Ndugu wasomaji, Mtume wetu (S.A.W.) ametufundisha kwamba mwanadamu akifa amali zake hukatika isipokuwa kwa mambo matatu: sadaka yenye kuendelea, elimu yenye kunufaisha, na mtoto mwema anayemuombea. Tukiyatazama mabaki ya Barghash kwa kipimo hicho tunapata funzo.

Meli yake Glasgow ilizamishwa tarehe 27 Agosti 1896 na mizinga ya Waingereza, mbele ya kasri, siku ile mtoto wake Khalid alipotaka kushika utawala bila ya ridhaa yao. Vita ile ilimalizika kabla ya saa moja kutimia. Milingoti ya meli hiyo ilibaki imechomoza majini kwa miaka mingi. Khalid alikimbilia kwa Wajerumani, na alifariki ugenini, Mombasa, mwaka 1927. Kasri la Marhubi liliungua mwaka 1899. Sehemu ya Beit al-Ajaib iliporomoka mwezi Desemba 2020. Lakini watu walikunywa maji ya mfereji wake muda mrefu baada ya yeye kuondoka, na nakala za vitabu alivyovipiga chapa zingalipo katika maktaba.

Mafunzo tunayoyapata ni haya:

1. Kusafiri na kujifunza kwa wasiokuwa Waislamu si aibu. Aibu ni kurudi na tabia zao mbaya ukaacha ujuzi wao. Barghash aliona mabomba ya maji na mashine za kupiga chapa, akajua kwamba hivyo ndivyo watu wake wanavyovihitaji.

2. Heshima ya wageni haiwi ngao. Waliomkaribisha kwa magari ya farasi mwaka 1875 ndio waliogawana nchi yake mwaka 1886. Umma usiokuwa na nguvu yake wenyewe hulindwa kwa kadiri ya maslahi ya mlinzi.

3. Ugomvi wa ndugu ni tundu ambalo maadui hupitia. Mwaka 1859, mwaka 1885 na mwaka 1896, kila mara mizinga ya wageni ilikuja wakati nyumba ya Sayyid Said ilipokuwa imegawanyika.

4. Dhulma haifichiki nyuma ya majengo mazuri. Tunapotembelea Mji Mkongwe na kuyasifu makasri, tuwakumbuke pia waliobeba pembe na waliofungwa minyororo, ambao wengi wao walipita juu ya ardhi hii hii tunayoikanyaga.

5. Mwenye uwezo aanze na maji na elimu. Kisima kimoja katika kijiji cha Chamwino au Bahi, na rafu moja ya vitabu madrasa, ni bora kuliko jengo la fahari lisilo na faida kwa watu.

Wanafunzi wetu, huenda baadhi yenu siku moja mtafika Hamburg, Liverpool au London, kwa masomo au kwa kazi. Mkifika, tazameni vizuri. Jueni kwamba mji wenu na miji hiyo ilikwisha kujuana zamani, kwa pembe na kwa vitambaa. Salini kwa wakati, andikeni mnayoyaona, wajulieni hali ndugu zenu, na mnaporudi mje na kitu ambacho hata asiyewajua atanufaika nacho.

Tunamuomba Allah (S.W.) amsamehe Sayyid Barghash na Waislamu wote waliotangulia, awarehemu waliodhulumiwa, na atujaalie tuwe wenye kuzingatia. Amin.

Wabillahi tawfiq.